Mama Bega na Haki ya Baiskeli Kwenye Kona

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, Mkufunzi Mkuu wa Madereva wa kiwanda chetu cha mikate atastaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko linakokaa. Huku uani, kuanzia getini hadi kwenye matanuri, tunamjua kwa jina la Mama Bega. Hata mume wake, fundi cherehani mwenye duka nyuma ya kiwanda, akija kumfuata jioni humuuliza mlinzi kama Mama Bega ameshatoka.

Jina hilo alilipata kwa jasho la wenzake. Dereva akitaka kukata kona, akishawasha taa na kutazama vioo, Mama Bega humtaka ageuze shingo atazame juu ya bega lake, upande zinakopita baiskeli. Asipogeuza, hudonolewa bega kwa kidole. Waliowahi kudonolewa wanasema kidole kile ni nyundo. Yupo dereva aliyeapa mbele yetu kwamba hadi leo hawezi kujigeuza kitandani bila kutazama bega kwanza, na mke wake alithibitisha.

Alianza hapa akiwa dereva wa gari dogo la mikate, mwanamke wa kwanza kushika usukani katika kiwanda hiki. Siku zake za mwanzo, watu walikuwa wanaacha chai wanatoka nje kumtazama akirudi nyuma kwenye jukwaa la kupakia, wakisubiri agonge ukuta. Wakasubiri sana. Ukuta upo, na mikwaruzo yake ipo. Yote ni ya wanaume. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni msimamizi wa upakiaji, jukwaa lile ni langu, na mwenye ubishi aje nimwonyeshe mkwaruzo mmoja mmoja na jina la mwenyewe.

Alipopandishwa kuwa mkufunzi, alianzisha Somo la Ijumaa, ambalo limenichelewesha kupakia kila wiki tangu siku hiyo, na ambalo sitaki kusikia mtu akilifuta. Dereva mpya, kabla hajapewa funguo za lori, hupewa baiskeli. Husimama nayo nyuma ya mstari wa chokaa, mbali salama, na dereva mzoefu hulipindisha lori taratibu mbele yake. Hapo ndipo mtu huona kwamba tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele. Hukatisha ndani, zikaula mstari wa chokaa wote, na yeye amebaki ameshika mpini wa baiskeli. Kisha hubadilishana. Mwanafunzi hupanda kwenye usukani wa lori lililozimwa, Mama Bega hulizunguka na baiskeli, na mwanafunzi hutakiwa kusema yuko wapi. Kuna mahali, karibu na mlango wa abiria, ambapo vioo vyote vinamkosa. Hapo husimama akapiga kengele. Wengi hushuka kwenye lori wakiwa wapole kuliko walivyopanda.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Kijana aliyetaka kumposa binti yake alikuja kujitambulisha na gari, amevaa vizuri, ameandaa maneno mazuri. Mama Bega alikuwa dirishani. Kabla ya salamu kuisha alikuwa ameshamuuliza kwa nini amepinda kwenye kona ya duka la mume wake bila kumngoja mwenye baiskeli aliyekuwa anakwenda moja kwa moja. Kijana alikiri, akakaribishwa, akapewa soda. Leo ni mkwe mpendwa, ingawa akienda kwa wakwe zake hupenda kuacha gari mbali akamalizia kwa miguu.

Lakini muulize Mama Bega mwenyewe anajivunia nini katika miaka yote hii, atakutajia mtu mmoja tu, dereva tunayemwita Karibu.

Karibu aliitwa hivyo kwa sababu ya ukarimu wake barabarani. Alikuwa anapisha kila kitu, na kila aliyempisha alimpungia mkono apite. Asubuhi moja alifika njia panda iliyo mbele ya kiwanda, akataka kupinda kuingia barabara yetu. Kwenye bega aliona baiskeli inakuja kando yake. Mwendeshaji, mwalimu wa chekechea, alikuwa anakwenda moja kwa moja, kwa hiyo haki ya kupita ilikuwa yake. Karibu akasimama, kama alivyofundishwa. Mwalimu naye akapunguza mwendo, akamtazama. Karibu, kwa roho yake nzuri, akampungia apite.

Kilichofuata kilitoka upande wa pili. Gari dogo lililokuwa linakuja likitazamana na lori lilitaka kuingia barabara hiyo hiyo. Dereva wake aliona lori limesimama, akaona nafasi, akapinda. Mwili wa lori ulikuwa umemficha mwalimu. Alipochomoza mbele ya lori, alikutana na lile gari, na mguu wake ukavunjika mahali pawili.

Polisi walimwona mwenye gari dogo kuwa na makosa, na ni kweli alikuwa nayo. Karibu hakuulizwa chochote zaidi ya ushahidi. Lakini jioni ile aliweka funguo mezani kwa meneja, akaomba kazi ya kuosha trei za mikate, na akasema hatashika usukani tena maishani mwake. Meneja alimhurumia, akamkubalia. Wiki zikapita, na mtu aliyekuwa anasalimia barabara nzima akawa hasalimii hata wenzake kwenye karai. Tukaanza kusikia kwamba anatafuta mtu wa kumwachia nafasi yake aondoke kabisa. Tulikuwa tunampoteza dereva bora tuliyekuwa naye, tunamwona kwa macho, na hatukujua la kufanya.

Mama Bega alikwenda kwanza hospitali. Alikaa na mwalimu mchana mzima, na alichorudi nacho ndicho kilichobadilisha kazi yetu. Mwalimu alimweleza kwamba kila siku hutazama pande zote kabla ya kupita pale, ila siku ile alipoona mkono wa dereva aliacha kutazama. Aliamini aliyeketi juu kwenye lori ameshamtazamia.

Jumatatu yake madereva wote waliitwa uani na kupewa sheria mpya. Mwenye baiskeli haki yake ya kupita anayo tayari. Dereva hampi, kwa hiyo hana cha kumpungia. Dereva asimame, mikono ikae kwenye usukani, taa zisimulikwe, honi isipigwe. Atulie hadi mwenye baiskeli atazame mwenyewe, aamue mwenyewe, apite. Madereva walinung'unika. Walisema watu watawaona wana maringo, wameketi juu kama sanamu. Na kweli malalamiko yalikuja: muuza maziwa alifika hadi getini kuuliza amewakosea nini madereva wetu hata hawamwonyeshi ishara siku hizi. Mama Bega alitoka mwenyewe kumweleza, akamchorea njia panda nzima chini kwa kijiti. Madereva aliwaruhusu jambo moja, kwamba mtu akishapita salama, hapo wamsalimie wanavyotaka.

Kwa Karibu hakutumia maneno matamu. Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba hakukosea. Alimwambia wazi kwamba kusimama kwake kulikuwa sahihi na mkono wake ulikuwa kosa, na kwamba anamhitaji aje Ijumaa awaambie hivyo madereva wapya. Karibu alikataa. Alisema yeye si wa kumfundisha mtu. Siku iliyofuata, Mama Bega alipomaliza zamu alikunja mikono ya nguo, akasimama kwenye karai kando yake na kuanza kuosha trei. Kesho yake akarudi tena. Nasema haya kwa heshima zote: anaosha vibaya. Trei zake zilinijia na unga kwenye pembe, ikabidi Karibu azirudie zote. Lakini hakuacha kwenda, na hakumgusia habari ya lori hata mara moja.

Siku moja, mikono yao yote ikiwa ndani ya povu, alimwambia tu kwamba asubuhi hiyo mwalimu amepita getini na baiskeli yake. Amepona, amerudi barabarani, na amemuulizia yule dereva wa lori kama naye amerudi.

Karibu alimaliza trei aliyokuwa ameishika, akajifuta mikono, akaondoka. Ijumaa ile alikuja kwenye mstari wa chokaa. Aliwaeleza madereva wapya alichofanya, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ule mkono aliopunga hakuuficha. Nilikuwepo jukwaani na trei zangu. Hakuna siku nimejivunia kuvaa sare ya kiwanda hiki kama siku ile.

Alipotoka na lori kwa mara ya kwanza tena, Mama Bega alikaa kiti cha abiria. Walipofika njia panda, baiskeli zilikuwa zinapita mfululizo. Magari ya nyuma yalipiga honi hadi watu wakatoka madukani. Karibu alituliza mikono kwenye usukani mpaka baiskeli ya mwisho ikapita, akageuza shingo, akatazama, akapinda. Mama Bega hakumdonoa. Mikate ilifika yote, ingali na joto.

Tangu sheria ile, hakuna mwendesha baiskeli aliyeumia kwenye kona mbele ya lori letu. Kiwanda cha sabuni na kile cha saruji siku hizi huleta madereva wao uani kwetu Ijumaa, na chokaa tunayotumia sasa ingetosha kupaka shule. Kuanzia Jumatatu ya mapumziko yake, ofisi ya mkufunzi mkuu itakuwa ya Karibu. Mama Bega ndiye aliyempendekeza, na hakukuwa na jina la pili.

Kamati ya kumuaga ilitaka kumnunulia makochi. Aliyakataa, akaomba baiskeli yenye kikapu mbele. Tukamuuliza ataitumia lini, akasema Jumatatu hiyo hiyo, saa magari yetu yanapotoka, atapita njia panda akienda sokoni. Baadhi yetu tuliogopa. Tukamshauri angoje Jumapili, barabara ikiwa tupu. Alitutazama kama tumemtukana. Alisema kama anaogopa kupita mbele ya madereva aliowafundisha mwenyewe, basi mshahara wote huu alikuwa analipwa kwa kazi gani. Karibu ameomba aendeshe lori la kwanza kutoka.

Mama Bega, kiwanda kinakushukuru, na familia nyingi za mji huu zina sababu ya kukushukuru bila hata kukujua. Pumzika vizuri, kula mikate iliyoiva, msumbue mkwe wako kidogo tu. Tunakutakia afya, furaha na miaka mingi ya kwenda unakotaka. Na Jumatatu ukifika njia panda, usitafute ishara ya mtu yeyote. Tazama mwenyewe, amua mwenyewe, upite. Sisi tutakuwa tumesimama.