Mtu Aliyezipa Diski Majina

Marehemu hakuwahi kugusa kompyuta kabla ya kujipangusa viganja kwenye suruali, hata viwe vikavu kama karatasi. Suruali zake zote zilipauka mapajani, na mkewe alisema mpaka akachoka.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1959, kitinda mimba wa fundi saa na mshonaji. Shuleni alipenda hesabu na kupiga soga, na mwalimu wake aliandika kwamba vyote viwili alivifanya kwa bidii. Mwaka 1983 alihitimu stashahada ya kompyuta, akaajiriwa katika chumba cha mitambo cha hospitali ya rufaa, na hakutoka humo hadi alipostaafu mwaka 2019.

Humo ndimo alimopewa jina la Msajili. Katika mfumo endeshi wa mitambo ile, kila diski iliwakilishwa na faili dogo. Ukiandika jina la faili, amri yako inaifikia diski yenyewe. Majina yalifuata foleni tu: ya kwanza, ya pili. Tarehe 3 Agosti 1995 iliongezwa diski mpya, na fundi mwenzake akataka kuisafisha ianze kazi. Akaandika amri ya kufuta ya pili. Kumbe mpya ilichomekwa tundu la juu, ikaruka foleni. Ya pili sasa ilikuwa ile yenye kumbukumbu za wagonjwa wote.

"Ngoja kwanza! Ya pili ya jana au ya pili ya leo?" marehemu aliuliza.

"Bwana wee, ya pili ni ya pili!"

Karani wa masjala, aliyekuwa akisubiri mlangoni, akadakia: "Mkinifutia wagonjwa wangu, kaka zangu, na nyinyi nawafuta."

Walipokagua, yule fundi aliifuta amri yake herufi kwa herufi. Wiki hiyohiyo marehemu alitunga programu fupi iliyosoma namba ya kiwanda iliyomo ndani ya kila diski na kulipatia faili lake jina kwa namba hiyo. Kisha akayapanga mafaili kwa kazi zake: wagonjwa, maabara, dawa. Tangu hapo, diski ilipohamishwa, jina lilihama nayo.

Karani alirudi kushukuru, akarudi kuuliza swali, akarudi bila sababu yoyote. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa mabinti wawili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Wodini alimsikia muuguzi akitaja "dawa ya kitanda cha nne", akacheka mpaka akakohoa.

"Binti yangu, kesho mkinihamishia cha saba, dawa yangu atakunywa nani?"

Muuguzi naye alicheka, lakini jioni ile kila mgonjwa alivishwa utepe wenye jina lake mkononi.

Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 21 Februari 2024. Ameacha mke, mabinti wawili, dada, na mpwa wa kike ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi hii ya kompyuta na kumlea kama mwanawe. Pumzika kwa raha, Msajili wetu.

Siku moja kabla, mpwa huyo aliketi kando ya kitanda, machozi yakimlengalenga, akamuuliza kama anahitaji chochote.

"Mama," alimjibu, "kesho wakikupigia simu usikimbilie kulia. Hakikisha kwanza kama ni mimi."