Nilisomea Nyuki

Jambo yenu, ndugu zangu wa shirika. Mnisamehe, nitasoma kwenye karatasi. Mnanijua: nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka. Nimeandika pole pole, maana niliishia shule ya msingi. Msiponisikia huko nyuma, mnyanyue mkono.

Baba yangu alikuwa ameshafariki nilipomaliza shule. Padri mmoja akamwambia mama kwamba kuna kituo kinachofundisha vijana kazi za mikono. Mama akafurahi: mwanangu atakuwa seremala. Tulipofika, nafasi za useremala zilikuwa zimejaa. Za ujenzi zimejaa. Ilibaki sehemu moja ambayo hakuna kijana aliyeitaka, ya kufuga nyuki. Ndugu zangu, nawaambia, mtu mwenye haya akiulizwa "unataka?" anajibu ndiyo kabla hajasikia ni nini.

Basi nikasomea nyuki. Nilijifunza kutengeneza mizinga ya mbao, kumtambua malkia, kuvuna bila kuchoma, kuchuja asali mpaka iwe safi kama kioo. Tena nilijifunza kuyeyusha masega nipate nta. Kwa mwalimu wetu, kutupa masega ilikuwa kama kutupa mkate wa altare.

Nikarudi Kamina na cheti. Baba mkubwa, yaani kaka wa marehemu baba, alikuja kutoka Kabongo kunipokea, amevaa suti yake ya abakosti. Akakisoma cheti, akamrudishia mama.

"Huyu tulimutuma kusoma ao kuchunga badudu?"

"Ni kazi, shemeji," mama akasema.

"Kazi gani? Nyuki iko mu pori, inajilea yenyewe!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa kukosa la kufanya.

Hayo yangepita kama asali yangu ingeuzika. Haikuuzika. Asali ya hapa kwetu mnaijua: nyeusi, inanuka moshi, ina vipande vya masega na nyuki mmoja aliyekufa anaelea juu. Huyo nyuki ndiye shahidi kwamba asali ni ya kweli. Mimi nikapanga sokoni chupa za asali iliyochujwa. Mama mmoja wa Base, kambi ya askari, akainua chupa, akaitazama kwenye jua.

"Kijana, nyuki iko wapi?"

"Nimechuja, mama."

"Umechuja nyuki, ao umechuja sukari?"

Wauzaji wa meza za jirani wakapiga makofi. Toka siku ile jina langu sokoni ni Papa Sukari.

Nilikuwa na hasira, na sitawadanganya, haijaisha yote. Nilifanya vile vile nilivyofundishwa, na ndicho kilichoniangusha. Wenzangu wa useremala walikuwa wanapiga randa toka asubuhi, mimi nakaa nyuma ya chupa nafukuza nzi. Kisha nyuki wa mizinga yangu wakamuuma mbuzi wa jirani. Kurudi toka sokoni, nikakuta mizinga imechomwa yote. Aliyechoma simtaji. Anaimba vizuri sana kwenye kwaya.

Baba mkubwa akatuma habari: mvua ikianza, atakuja kunichukua nikalime pamba yake Kabongo, nikae huko moja kwa moja. Mkubwa wa ukoo akisema, mjane atajibu nini? Mimi sikutaka. Nikienda, kazi yangu imekufa, na mama anabaki peke yake kuuza unga wake wa mihogo. Lakini nani aliniuliza?

Nilibaki na kitu kimoja cha kufanya. Mnawajua mama wanaopika pombe ya asali mtaani kwetu. Wakishakamua masega, makapi wanayatupa nyuma ya nyumba. Nilishindwa kuvumilia. Nikaanza kuyaokota kwa ndoo. Walevi wakinikuta: "Eh, Papa Sukari, sasa unakula na makapi?" Mama yangu akaona haya, akaniomba nipite njia ya nyuma. Niliyachemsha kwa maji, nikayachuja kwa gunia, nikayaacha yapoe. Nta ikipanda juu na kuganda, nakata vipande, napanga chini ya kitanda. Kwa ajili ya nani? Sikujua. Mtu aliyefundishwa kitu kimoja anafanya hicho kimoja.

Mvua ikaanza, na baba mkubwa akafika. Lori lilikuwa la kuondoka mchana. Asubuhi nilipeleka viatu vya marehemu baba kwa fundi viatu pale gare, kwenye kituo cha treni, mzee wa kutoka Kasai, avishone kwa safari. Mbele yake kulikuwa na rundo la buti za askari wa Base, mishono imefunguka kwa maji. Alikuwa anapaka uzi kwa kipande cha mshumaa wa dukani. Uzi unateleza, unakatika, naye anautukana kwa Kitshiluba.

Sijui nguvu ilitoka wapi.

"Papa, ile haishike. Inaomba nta ya nyuki."

"Najua, mwana. Ilikuwa inatoka Bulaya, haifike tena. Weye utaitoa wapi?"

Nikakimbia nyumbani, nikarudi na kipande. Akaupitisha uzi juu ya nta, akapiga fundo, akavuta kwa mkono na mguu. Haukukatika. Akanusa vidole vyake.

"Iko ingine?"

"Iko chini ya kitanda."

"Nani alikufundisha?"

Askari waliokuwa wanangoja walinitazama wote. Nikasema kwa sauti ndogo: "Nilisomea nyuki."

Mmoja akaangua kicheko. Mzee akamwambia: "Cheka, askari. Kwa gwaride utacheka na maji mu soksi."

Nikamweleza habari ya lori. Akashona buti moja kwa ule uzi, akaibeba, akanifuata nyumbani. Baba mkubwa alikuwa amekaa anafunga mzigo.

"Yaya, mukubwa yangu, nakuja kukuomba kijana."

"Weye muntu ya Kasai, unakuja kuniomba mutoto yangu?"

"Mutoto ni yako. Minyi nataka kazi yake. Bafundi bote ba gare na ba Base bako na njaa ya hii kitu."

"Makapi ya balevi?"

Fundi akamwomba mama maji, akayamwaga ndani ya buti, akaisimamisha juu ya magoti ya baba mkubwa, juu ya abakosti. Ndugu zangu, nilifunga macho. Baba mkubwa hakuthubutu kusogea. Tukangoja. Lori likapiga honi barabarani. Baba mkubwa akapitisha mkono chini ya buti, ukatoka mkavu.

"Kiatu ni muzuri," akasema. "Lakini bantu banakula kiatu?"

Mama, ambaye hakuwahi kumkatalia jambo, akasema: "Shemeji, lori inakuita."

Akapanda peke yake.

Leo mafundi viatu wananijua. Padri ameomba nta ya mishumaa. Hata wale wenzangu maseremala wanakuja kuchukua ya kusugulia mbao. Asali ya mizinga yangu mipya? Nawaona mnacheka, lakini hamnunui.

Namshukuru mama. Namshukuru fundi. Nawashukuru hata mama wa pombe, ingawa siku hizi hawatupi tena makapi, wanataka niwaletee kuni kwanza.

Somo langu ni dogo. Mtoto akirudi na masomo msiyoyajua, msimcheke kabla hajafungua mkono. Na wewe kijana uliyesoma kitu cha ajabu, toka nje nacho. Nta yangu ililala chini ya kitanda, na pale gare mzee anakatikiwa na uzi kila siku. Kati yetu palikuwa na haya yangu tu.

Nimemaliza. Naomba nikae.