Rauzah Anaonekana, Hasikiki

Pale mtaani Ulee Kareng, mwanamume akikosekana nyumbani na kazini hatafutwi mbali. Yuko kwenye mgahawa wa Bang Nurdin, benchi la mbele, anapuliza kahawa na kubishana. Alasiri hiyo Razali, fundi cherehani, hakuwa na hamu ya ubishi. Binti yake Rauzah alikuwa Jakarta, kwenye fainali ya mashindano ya kusoma Kurani, na baba mtu alikuwa ametamba wiki nzima kwamba mtaa mzima utamsikia kwenye runinga kubwa ya mgahawa. Watu walipotoka kuswali, akafungua matangazo ya fainali kwenye laptopu aliyoazima kwa mpwa wake, ile inayotumia mfumo wa Linux, akachomeka waya wa kwenda kwenye runinga ya ukutani. Rauzah akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, na mtandio wa kijani alioshonewa na babake. Akafungua mdomo. Kimya.

— Sauti iko wapi? Razali aliuliza, jasho likimtoka.

— Tulia, alisema Injinia, aliyepewa jina hilo siku alipofungua feni ya Bang Nurdin, ambayo mpaka leo haijazunguka tena. — Hii Linux ni ya bure. Cha bure unapewa nusu. Picha hiyo, sauti ni ya wenye nazo.

— Mpwa wangu anapiga muziki humo kutwa nzima!

— Humo humo, sawa. Hapa sauti inatakiwa isafiri.

— Ni waya, alidakia Wakili, ambaye aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi na hajapoa tangu hapo. — Picha ni mwanga tu, nyepesi. Sauti ina uzito. Ona waya ulivyojikunja hapo, imekwama kwenye kona.

— Sauti inakwamaje, wewe?

— Ya kwako ikikwama kooni hujui?

Wakaunyoosha waya kama kamba ya kuanikia nguo. Rauzah akaendelea kusoma bila sauti.

Injinia akachokonoa mipangilio ya sauti, akakuta orodha ya njia za waya, akaruka.

— Haa! Kumbe! HDMI ya kwanza, ya pili, ya tatu! Na sisi runinga tunayo moja. Sauti ya mtoto imegawanywa!

— Hizo mbili ziko kwa nani?

— Kwa majirani. Kuna mtu hapa mtaani anamfaidi Rauzah bila picha.

Wakili akainuka, akabandika sikio kwenye ukuta wa kinyozi wa jirani.

— Vipi?

— Kuna mtu anakoroma.

— Basi ni yule ndege wao, alisema Injinia, akigonga kibandiko cha pengwini, nembo ya Linux, kwenye laptopu. — Anaishi kwenye barafu. Nani kati yenu amewahi kumsikia akilia?

Razali hakucheka. Kulikuwa na aya moja ndefu ambayo pumzi ilikuwa ikimwishia Rauzah katikati. Kila alfajiri alisimamisha cherehani amsikilize, na kila alfajiri binti alikwama palepale. Sasa aliliona koo lake likipanda na kushuka, wala hakujua amevuka au la.

Ndipo akaingia mwadhini wa msikiti, ambaye wote humwita Teungku kwa heshima, anataka kahawa yake.

— Mbona mmenuna?

— Runinga imekosa sauti, Teungku. Ni Linux.

— Ahaa. Nilipoadhini, Bang Nurdin aliizima sauti ya runinga, kama kawaida yake. Mliporudi, nani aliifungua?

Bang Nurdin akaparamia rimoti. Sauti ikalipuka hadi vikombe vikatetemeka: mtangazaji anamshukuru Rauzah binti Razali na kumwita msomaji anayefuata.

Benchi zima likainamia vikombe vitupu. Simu ya Razali ikalia.

— Baba! Ile aya, umenisikia? Pumzi ilitosha?

Alitaka kusema ilitosha. Wote walimtazama wakimwombea aseme hivyo.

— Mwanangu, nimekuona tu. Sauti sikuipata. Nisomee tena.

— Sasa hivi? Niko kwenye ngazi, Baba, watu wanapita.

— Waache wapite.

Akailaza simu mezani. Vichwa vikakutana juu yake. Sauti ikaja, nyembamba, ikaanza ile aya. Injinia akanyoosha kidole aiongeze.

— Usiguse! walinong'ona wote.