Kiu Niliyofundishwa na Bingwa

Bwana asifiwe, watu wa Ijumaa! Nawaita watu wa Ijumaa kwa sababu wenzetu nyumbani wanaabudu Jumapili, na sisi huku Doha Jumapili tuko kazini kwa watu. Mungu wetu haangalii kalenda. Asifiwe tena! Mchungaji amenipa dakika chache, na kwa vile ananijua, amekaa karibu na maikrofoni. Nitajaribu kuwa mfupi.

Ndugu zangu, mimi ni kijana wa Nakuru. Mtu wa Nakuru hahitaji kufundishwa ndondi ni nini, anazaliwa akizisikia. Nilipigana shuleni, nikapigania mkoa, nikaishia hapo. Maisha yalipokaza nikaja Qatar kuwa askari wa ulinzi, wakaniweka mlangoni pa jimu, ukumbi wa mazoezi, ya hoteli moja mtaa wa Al Sadd. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango na kutabasamu. Watu walipita na glavu mpya shingoni hawajui hata kukunja ngumi, na mimi ninayejua nimesimama pale kama mlingoti. Iliniuma, jamani. Iliniuma sana.

Kocha wa mle ndani alikuwa mzungu kutoka Ireland, jina lake Colm. Sisi sote tulimwita Bingwa. Picha yake ilikuwa ukutani, amebebwa juu juu na watu, mkanda kiunoni, uso umevimba na anacheka. Baba yake alikuwa mpakuzi wa makaa bandarini. Padri wa kwao ndiye aliyemvisha glavu za kwanza, ndani ya ukumbi wa kanisa, akiwa mtoto mdogo. Akapiga vijana wote wa mji ule, akapiga nchi nzima, akachukua ubingwa wa Ulaya wa uzito mwepesi. Aliporudi na mkanda, mji wote ulisimama mvuani kumpokea. Alinisimulia hayo akinifunga bendeji mikononi, na kila alipofika kwenye ile mvua aliifungua bendeji akaanza upya.

Maana mkanda haukukaa. Aliutetea, akautetea tena, na siku ya kuupoteza alipigwa na kijana ambaye hata jina lake hakupenda kulitaja. Pombe ikaingia. Mke akaondoka na binti yao. Miaka ikapita, akaja huku kufundisha watoto wa matajiri kurusha ngumi. Bingwa mzima wa Ulaya anamshikia mtoto glavu, na mtoto anacheza na simu! Nilikuwa namwangalia namwonea huruma, sikujua kwamba mimi ndiye wa kuonewa huruma.

Siku moja alinikuta kwenye korido napiga ngumi hewani nikiwa na sare yangu. Nikajua kazi imekwisha. Akaniangalia, akaniambia nivue viatu vya kazi nimfuate. Tangu siku hiyo, zamu ikiisha, alinifundisha. Wapendwa, sijawahi kupendwa na mwalimu namna ile. Akapanga pambano ukumbini pale hotelini, baada ya Idi, na rafiki yake mmoja kutoka kwao, mwandaaji wa mapambano, angekuja kutazama. Nikifanya vizuri ningechukuliwa Ulaya kupigana kwa riziki. Nilimpigia mama simu, akalia. Kitu kimoja tu kilibaki: uzito. Nilitakiwa kushuka hadi uzito wa Bingwa mwenyewe, ule mwepesi, na mwili wangu ulikuwa umekataa.

Bingwa akanifundisha kujikausha. Mabondia mlio hapa mnajua. Unavaa nailoni ndani ya nguo nzito, unakimbia, unatoka jasho, na maji huyagusi. Unasukutua unatema. Alikuwa akisema, "Kiu ni rafiki wa bondia." Huko kwao kuna baridi. Mimi nilikuwa nakimbia mitaa ya Al Thumama, Agosti, jua la Doha mnalijua, hata kivuli kinachoma.

Na Agosti ile ilikuwa Ramadhani! Sasa sikilizeni jinsi shetani alivyo fundi. Mchana wa Ramadhani nani atakuuliza mbona hunywi maji? Midomo imepasuka, macho yameingia ndani, watu wanakupa heshima, wanakuita "habibi" na kukupisha kwenye lifti. Chumbani kwetu, kambi ya wafanyakazi, nilikuwa naishi na Hamadi, dereva, Mtanzania wa Tanga, Muislamu safi. Akanitania, "Mkenya, umesilimu kimyakimya? Mbona hukutuambia tukuchinjie mbuzi?" Nikacheka tu. Akadhani nafunga ili niwe pamoja naye, na jambo hilo lilimfurahisha mno. Akawa ananiwekea sahani yangu ya futari: tende, uji wa pilipili manga, sambusa, na jagi la maji baridi linatoa jasho pembeni.

Nilikuwa nasema nitakula baadaye. Nikikaa naye natafuna tende moja, nyingine naificha mfukoni. Maji nalowesha ulimi. Ndugu zangu, kulitazama jagi lile ilikuwa mateso. Usiku naota bomba la nyumbani linatiririka. Kichwa kiliuma mpaka meno. Misuli ikaanza kukaza yenyewe nikiwa nimelala. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, halafu ukawa mweusi, halafu haukuja kabisa. Nikasema moyoni, vizuri, nakauka. Mnaona nilivyokuwa kipofu? Mzani ulikuwa unashuka, na mimi nilikuwa nashukuru!

Jioni moja adhana ya magharibi ikalia. Hamadi alikuwa amekaa na sahani yake mbele, akanisukumia yangu, nikamwambia nitakula baadaye. Akachukua tende, akaishika tu mkononi. Akasema, "Bwana wee, mimi nafunga tangu mtoto. Anayefunga hungoja hii adhana kama mwana anavyomngoja mama yake. Wewe inakukuta, na maji hunywi. Huo si mfungo, ndugu yangu. Wewe unajiua." Nikataka kumjibu kwa hasira. Nikasimama, na chumba chote kikazunguka, na hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika.

Nilizinduka hospitalini. Daktari mwanamke, mpole, aliniambia kwamba figo zote mbili zimesimama. Nikauliza zitaanza lini. Akasema hajui kama zitaanza. Wapendwa, mimi nilishapigwa ngumi nyingi, hakuna iliyowahi kunilaza kama hilo neno. Nikamwaza mama na simu ile. Nikaomba, na nitawaambia ukweli, maombi yangu hayakuwa mazuri. Nilimuuliza Mungu kama alinileta jangwani kunikausha. Zikapita siku za mashine na mabomba, na Mungu kimya.

Bingwa akaja. Nilifikiri amekuja kuniambia pambano limesogezwa mbele. Hata pale kitandani, jamani, bado nilikuwa na tumaini hilo! Akakaa, akakunja mkono wa shati lake. Daima alivaa mikono mirefu, tukidhani ni mambo ya wazungu na jua. Mkononi mshipa ulikuwa umevimba, umepindapinda chini ya ngozi. Akachukua kiganja changu akakiweka juu yake. Ulikuwa unatetemeka, damu inavuma ndani kama friji mbovu.

Akaniambia pale ndipo mashine ya kusafisha damu humwingia, wiki baada ya wiki, kwa sababu figo zake zilikufa. Alijikausha tangu ujana, kila pambano. Siku aliyopoteza mkanda hakupigwa na yule kijana, alipigwa na kiu. Miguu ilikataa kabla kengele haijalia. Akasema, "Nilikufundisha kitu kilichoniua, kwa sababu ndicho pekee nilichokijua cha kushinda." Halafu yule mtu mkubwa akalia, mgongo unatikisika. Mimi sikuweza kumfariji. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nampenda.

Akaenda akafuta pambano. Mudir, meneja wa hoteli, alikuwa ameshaalika watu wakubwa, akamfukuza. Bingwa akarudi kwao.

Na mimi? Asubuhi moja nesi Mfilipino akaja kuangalia mfuko, akapiga kelele. Mkojo! Kidogo tu, kijiko, lakini mkojo! Mnacheka. Chekeni. Mimi nilimtukuza Mungu kwa mkojo, nikalia mpaka nesi naye akalia. Figo zikaamka moja baada ya nyingine, na leo nimesimama mbele yenu nakunywa maji kama ng'ombe. Haleluya!

Lakini sitawadanganya, ushuhuda wangu hauna tarumbeta mwisho. Ulaya sikwenda. Glavu sivai tena. Na mwaka jana nilipata habari kwamba Bingwa amefariki, hakupata figo ya kupandikizwa. Nilikuwa nimemwombea kila Ijumaa, hapa hapa. Mbona mimi nikatolewa na yeye akaachwa? Sijui. Mwenye jibu la haraka akae mbali nami leo.

Ninalojua ni hili. Wiki iliyopita nilimuuliza Hamadi jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile ilikuwaje baada ya mimi kuanguka? Akaona aibu, nikamlazimisha. Alinibeba mgongoni akashuka ngazi, akaendesha, akakaa nami mapokezi mpaka wakanichukua, akabaki kwenye benchi hadi alfajiri ikamkuta pale. Nikamuuliza, na futari yako? Akasema, "Nilikuwa na tende mkononi, ikaanguka. Sikuona tena haja." Alfajiri ilipoingia akaunganisha na siku ya pili, hajaweka hata tone mdomoni.

Ndugu zangu, nilikuwa namlaumu Mungu kwamba amenyamaza, kumbe alikuwa amenibeba mgongoni akiwa na kiu kuliko mimi. Kama kuna mtu hapa anajikausha kwa jambo lolote, na wenzake wanadhani ni imani, mpendwa, usingoje uanguke. Njoo mbele. Huyu Bwana ninayemshukuru leo hatakuuliza kwa nini umechelewa. Njoo unywe.