Mama Wivine Namegabe na Miti ya Tarehe Tano Desemba

Tarehe 31 Desemba 2025, Mama Wivine Namegabe anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu la Kijani Chetu kwa miaka ishirini na miwili. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe hii, na akasisitiza uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini wanaonijua mimi Adalbert, mtunza bohari wenu, wanajua kwamba kupamba maneno si kipaji changu, na mwaka huu hata kicheko kimekuwa kazi.

Mama Wivine alizaliwa Bukavu, akaolewa Goma, na akaanza kazi kwetu mwaka 2003, wakati mtaa wa Birere, mjini Goma, bado ulikuwa ukijengwa upya juu ya mawe ya volkano. Aliajiriwa kama mhamasishaji. Kazi yake ilikuwa kalenda: Siku ya Maji mwezi Machi, Siku ya Mazingira mwezi Juni, siku ya kusafisha ufuko wa ziwa mwezi Septemba, na ile aliyoipenda kuliko zote, Siku ya Mti, tarehe tano Desemba. Kila siku ilihitaji kauli mbiu, banderole ya kitambaa ya kutundika barabarani, megafoni na fulana. Kauli mbiu zote alizitunga yeye, jikoni kwake, huku akipika. Fulana ndizo zilizoleta watu. Ukipita Birere leo utaona waendesha pikipiki wamevaa maneno yake mgongoni, yamefifia, na wengi hawajui hata yanasema nini.

Alikuwa mtu wa utani. Mimi natoka Butembo, mji wa wafanyabiashara, na yeye hakuchoka kuniambia kwamba miche ikiachwa mikononi mwangu nitaiuza kabla ya jua kuchwa. Mwaka ule tuliofanya kampeni ya kuacha mifuko ya plastiki, wakubwa walihutubia kwa saa nzima, kisha wakagawiwa maji ya kunywa yaliyofungwa katika vifuko vya plastiki. Walikunywa, wakavitupa chini, wakapanda magari. Mama Wivine alivua kitambaa chake cha kichwa, akavikusanya vyote humo, akaniambia hotuba imekwenda vizuri sana. Tulicheka hadi machozi. Mwaka mwingine maandamano yetu ya miti yalilazimika kusogea kando ya barabara ili kupisha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizojaa magunia ya makala, yaani makaa ya miti, na watu wakazipigia makofi chukudu.

Kwa wageni walio hapa leo, nieleze jambo moja ambalo wenyeji wa Goma wanalijua. Ardhi yetu ni jiwe. Kuchimba shimo la mche mmoja kunataka mtaimbo na wanaume wawili, halafu udongo uletwe kwa lori kutoka upande wa Rutshuru. Ndiyo maana shirika lilizoea kutumia mashimo yaleyale kila Desemba. Siku moja kabla ya sherehe tulikuwa tunang'oa mche uliokauka wa mwaka jana, na kesho yake mkubwa anapanda mpya palepale, anapigwa picha palepale. Katika ripoti iliandikwa kwamba miti imeongezeka. Mama Wivine aliona aibu mapema kuliko sisi wengine, na mwaka 2014 aligoma. Alisema hatahamasisha tena mpaka apewe mahali ambapo miti itaachwa ikue.

Akapewa kiwanja upande wa Lac Vert, nje kidogo ya mji, nyuma ya shule moja. Palikuwa na udongo kidogo. Akapanda miti ya grevilea, na safari hii hakuondoka na magari. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda huko na kidumu cha maji, akawafukuza mbuzi, akazungumza na majirani mmoja mmoja. Miti ilikua. Ikawa mirefu kupita paa la shule, na walimu wakahamishia masomo ya asubuhi chini yake. Katika kampeni zetu zote, hicho ndicho kitu pekee kilichosimama. Mama Wivine alisema waziwazi kwamba siku ya kustaafu atatupeleka pale, atukabidhi kile kivuli, kisha aende zake kwa dada yake Bukavu bila deni na mtu.

Halafu vita vikasogea, na kambi za wakimbizi zikajaa upande wote ule. Watu walikaa juu ya mawe, ndani ya mahema ya plastiki, bila kuni. Majirani wakampigia simu kwamba miti inakatwa. Alikwenda mbio, na mimi nikaenda naye. Tulimkuta mwanamke aitwaye Dative, mkimbizi kutoka Kalengera, ameshika panga lisilo na makali. Kando yake palikuwa na sufuria ya maharage, na chini ya sufuria viatu vya plastiki vilikuwa vinaungua na kutoa moshi mweusi. Watoto wake watatu walikuwa wanakohoa ndani ya moshi huo. Mama Wivine alianza kusema yale tuliyoyasema kila mwaka, kwamba anayekata mti anakata maisha. Dative alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akasema, “Mama, unipatie moto, miye ntaacha miti yako. Batoto banalala na njaa.”

 Mama Wivine alikaa juu ya jiwe na kulia. Kesho yake alirudi na msumeno. Alianza na matawi, ili shina lipone, na akayagawa hema kwa hema. Matawi yalipokwisha, akaonyesha mti gani uangushwe kwanza. Haikufika mwezi, miti yote ikawa imekwisha. Mimi niliushika msumeno ule upande wa pili, na ninaomba nisiulizwe habari zake tena. Wafadhili walipotaka maelezo, mkurugenzi alishauri tuandike kwamba miti iliharibiwa na watu wasiojulikana. Mama Wivine aliandika jina lake mwenyewe.

Mapema mwaka huu kambi zilivunjwa, watu wakarudi makwao. Dative naye akaondoka na watoto wake. Tarehe tano Desemba hatukuwa na fedha za sherehe, kwa hiyo hapakuwa na fulana wala mgeni rasmi. Mama Wivine aliniomba nimsindikize Lac Vert hata hivyo. Nilidhani tutakuta visiki, na kisiki wakati mwingine huchipua. Hata visiki vilikuwa vimekwisha kung'olewa kwa ajili ya makala. Alizunguka kiwanja polepole, akasimama, akaniambia, “Adalbert, sikufanya kitu.”  Kisha tukarudi mjini.

Mkurugenzi alitaka tupande mti mmoja uani leo, kwa heshima yake. Mama Wivine alikataa kwa upole. Aliuliza ni nani kati yetu atakayeumwagilia maji mwezi Julai, kiangazi kikikaza. Hakuna aliyenyanyua mkono, nami nikiwemo.

Mama Wivine, wenzako wa Kijani Chetu tunakushukuru kwa kazi, kwa utani, na kwa kutotudanganya. Nenda Bukavu salama, ukae karibu na dada yako, ulale hadi jua lipande, na asiwepo mtu wa kukushikisha megafoni. Tunakutakia mema yote, na tunakuomba utusamehe. Sisi tulikuja siku moja katika mwaka. Siku nyingine zote tulikuacha peke yako.