Constance Brannock, Aliyewapa Wazazi Namba ya Klabu Jirani

Ijumaa tarehe 29 Agosti, Constance Brannock atastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuiongoza Klabu ya Lakrosi ya Wasichana ya Dunmore Mill. Kamati imeniomba mimi, Verna Tibbs, niliyekaa naye ofisi moja kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu wa kwanza, niandike wasifu mfupi, wa kuchangamsha, usiomuudhi mtu. Kuhusu ufupi, nitajaribu.

Connie, kama tunavyomwita, alizaliwa Cambridge, mji mdogo ng'ambo ya ghuba yetu, binti wa fundi wa mashine za kukatia nyasi. Chuoni alicheza beki katika lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu. Baadaye alifundisha michezo katika shule ya wasichana hapa Baltimore mpaka alipochoka kugombana na mkuu wa shule, ndipo akaanzisha klabu hii kwa wasichana ambao hawakutosha hata timu moja. Mechi ya kwanza ilibidi amwazime dada wa mchezaji mmoja, aliyekuja kutazama tu akiwa na viatu vya kanisani. Leo tuna timu za watoto wa miaka tisa hadi wanaomaliza shule. Vikombe tulivyoshinda viko kabatini. Kabati lina kufuli, na ufunguo ameupoteza yeye.

Sasa niseme kuhusu wazazi, maana ndio kazi yenyewe. Kila Julai majaribio ya kuchagua wachezaji yanapokaribia, simu haitulii. "Tunapima," husema, kama watu wanaonunua nyumba. Makocha wangapi wa vyuo huja kuwatazama? Wasichana wangapi wamepata ufadhili wa masomo? Mwanangu atacheza au atakaa benchi? Halafu, wakishapata majibu yote, hushusha sauti: "Na utamaduni wa timu ukoje?" Hapo hutaka kuambiwa kwamba timu yetu ni kama familia. Kana kwamba wao hawajawahi kuwa na familia.

Connie hakuwahi kuwaambia hivyo. Aliwaambia waje Jumanne, wakae kwenye nyasi, watazame nani anaokota mipira mazoezi yakiisha. Kisha, mbele ya macho yangu, aliwapa namba ya simu ya klabu ya Tallow Creek, washindani wetu, walio mwendo wa dakika ishirini kwa gari.

"Connie, umempa yule mama namba ya Tallow Creek?"

"Ndiyo. Mtoto wake ana mbio, sisi tunacheza taratibu. Kule atafurahi."

"Na mkata nyasi wetu atalipwa na nani?"

"Mwambie naye akate taratibu."

Hivi ndivyo nilivyoishi.

Nitasimulia kisa kimoja tu, kwa sababu anayekijua hiki amemjua Connie. Ni cha kiangazi cha miaka saba iliyopita, kwenye mashindano kule Delaware. Timu yetu ya wasichana wa miaka kumi na sita ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Nahodha na mfungaji wetu alikuwa Sloane Hollenbeck, msichana aliyetembea kama uwanja umeandikwa jina lake. Golini alikuwapo Maribel Funes, mkimya, aliyejiunga nasi masika yale. Mama yake, Nohemi, alikuwa akisafisha meno ya watu katika kliniki moja ya mjini. Ifikapo Septemba makocha wa vyuo wangeruhusiwa kuanza kuwapigia simu wasichana wa umri ule, kwa hiyo kila mzazi alikaa kwenye kiti chake cha kukunja kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Jumamosi tulifungwa bao katika dakika ya mwisho. Mpira ulipita katikati ya miguu ya Maribel. Hutokea.

Jioni wasichana walikubaliana kwenda kula piza, wakutane saa moja sehemu ya mapokezi ya hoteli. Maribel alishuka saa moja, nywele amezichana, amevaa fulana ya timu. Hakumkuta mtu. Wenzake walikuwa wameshaondoka kwa mipango waliyoifanya katika grupu jingine la simu, ambalo yeye hakuwamo. Sloane ndiye aliyelianzisha grupu hilo, lakini wote walikwenda, hata wale tuliowaona wapole.

Connie alimkuta kipa wetu ameketi kando ya mashine ya vitafunio, anakula krispi.

"Wenzako wako wapi?"

"Sijui, Kocha. Labda nimekosea saa."

Connie akanunua pakiti nyingine, akaketi naye. Hakuuliza zaidi.

Laiti angeendelea hivyo hivyo! Jumapili asubuhi, kabla ya mechi ya kwanza, aliwakusanya wote.

"Jana mlikula nini?"

"Piza, Kocha."

"Ilikuwa tamu?"

"Sana!"

"Maribel, wewe ulikula nini?"

Msichana akainamisha kichwa. Wengine wakaanza kukaza kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea. Connie akanigeukia. "Verna, nenda kwa waandaaji. Waambie Dunmore Mill haichezi mechi hii. Hatuna timu."

Nilimvuta pembeni. "Waadhibu utakavyo, wakimbize mpaka watapike, lakini usifute mechi. Utamfanya huyu mtoto aonekane ndiye mkosaji."

"Nenda, Verna."

Nikaenda. Niliporudi, Kurt Hollenbeck, baba yake Sloane, alikuwa ameshafika mbio, kofia mkononi, uso mwekundu kama kaa aliyechemshwa.

"Kocha, unajua ni nani wamekaa pale chini ya lile hema? Makocha wa vyuo! Wamekuja kumwona Sloane!"

"Wamekuja kuona timu. Wakiiulizia, waambie inatafutwa."

"Ni utani wa wasichana tu huu! Kwani wewe hukuwahi kuwa msichana?"

"Nilikuwa. Ndiyo maana najua huu si utani."

"Sawa. Kesho nawapigia Tallow Creek. Na sitakwenda peke yangu, familia tano zinanifuata."

"Namba yao unayo? Verna, mpe namba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mechi ikatolewa kwa wapinzani bila kuchezwa. Kisha tukamwona Nohemi Funes anakuja kutoka maegesho ya magari, hatua ndefu, miwani ya jua usoni. Connie akamgeukia na uso wa mtu anayekaribia kushukuriwa.

"Nani alikuomba?" Nohemi akauliza.

"Mama Maribel, jana walimwacha..."

"Najua walichomfanyia. Aliniambia. Akaniambia tena, 'Mama, usiseme kitu, kesho nitadaka vizuri, watanyamaza.' Alikuwa na hilo moja tu, kucheza, na wewe umemnyang'anya. Sasa wazazi wote wanamjua kama mtoto aliyewakosesha mechi. Unadhani jana ndiyo alikuwa mpweke? Mtazame sasa."

Tulimtazama. Maribel alikuwa amesimama kwenye uzio, peke yake, helmeti yake ameivaa, ingawa hapakuwa na mechi.

Nimemwona Connie akibishana na marefa, na madiwani, na mchungaji mmoja. Siku ile hakubishana. Nilikuwa nimemwambia jambo lile lile nusu saa kabla, na naliandika hapa kwa sababu sitapata nafasi nyingine.

Alikwenda kwenye uzio, akachuchumaa, magoti yakilia.

"Nimekosea, Maribel. Nilikasirika kwa ajili yako bila kukuuliza. Niambie unachotaka."

"Kucheza, Kocha."

"Mechi ya mchana ipo, utacheza. Na kingine?"

"Nataka Sloane acheze beki. Mbele yangu."

"Kwa nini?"

"Aone mipira inavyokuja."

Kurt Hollenbeck alipousikia mpangilio mpya nilidhani tutaita gari la wagonjwa. "Beki? Sloane? Huyu ndiye anayefunga mabao yote ya klabu hii!"

"Basi anajua yanavyofungwa," Connie akamjibu. "Akasaidie yasifungwe."

Mpira wa lakrosi ni mgumu kama jiwe, na mabeki hawavai helmeti kama kipa, wana miwani ya kukinga macho tu. Shuti la kwanza lilimpata Sloane pajani, akapiga kelele uwanja mzima ukasikia. La pili alilikwepa, nalo likamkuta Maribel kifuani. Halafu tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu masika.

"Sloane, kushoto! Kushoto kwako! Nyoosha fimbo! Usinizibe!"

Ilikuwa sauti ya Maribel. Aliwapigia kelele mabeki wote, lakini Sloane zaidi, na Sloane, ambaye hata baba yake alikuwa hamwambii kitu, alikuwa anatii. Kipindi cha pili alianza kurudi nyuma bila kuitwa. Akajitupa mbele ya mashuti. Akaanguka, akainuka na nyasi mdomoni. Nyuma yake Maribel alidaka mipira ambayo mpaka leo sijui aliionaje. Tulifungwa tena, kwa bao moja, na wazazi wetu walikunja viti bila kuagana.

Nilikuwa nimebeba maji, kwa hiyo nilisikia. Sloane alikuwa ameinama, mikono magotini, paja limeshavilia damu.

"Kila mechi huwa inakuja hivi?"

"Leo ilikuwa kidogo," Maribel akasema.

"Jana halikuwa kosa lako."

"Najua." Akachukua chupa yake, akaenda zake.

Ilifuata miezi miwili ambayo simtakii adui. Wazazi walipima. Walipima asubuhi, walipima mchana, walipima dukani wakiwa wameshika toroli mkono mmoja na simu mkono mwingine. Nusu yao walisema Connie amepungukiwa na akili, nusu wakasema kwamba angalau kuna mtu anayejali, kisha wakabadilishana zamu. Kurt Hollenbeck alituambia mara nne kwamba anaondoka. Siku ya majaribio gari lake lilikuja, Sloane akashuka na fimbo yake, akaingia uwanjani bila kugeuka nyuma. Baba yake alibaki ndani ya gari, vioo vimefungwa, mpaka mwisho. Kumbe mtoto alikuwa amekataa kwenda Tallow Creek. Kwa nini, hatukuambiwa.

Aliyeondoka ni Maribel.

Nohemi alikuja ofisini mwenyewe. Alivua miwani, akaketi. "Nimepima," akasema. "Tallow Creek wana kocha wa makipa. Nyie hamna."

"Ni kweli, hatuna," Connie akasema. "Mpeleke."

Nilingoja mlango ufungwe. "Yaani tumepoteza mechi kwa ajili ya mtoto huyu, tumenusurika kupoteza nusu ya timu, mimi nimetukanwa na watu ambao nawapangia vyumba vya hoteli, na wewe unasema mpeleke?"

"Hatukumpigania ili awe wetu, Verna."

Sikumsemesha mpaka wiki ilipoisha. Msimu huo huo akaajiri kocha wa makipa, jambo ambalo nilikuwa nimelipigia kelele tangu nilipoanza kazi.

Kiangazi kilichofuata tulipangwa na Tallow Creek. Maribel alitumaliza. Sloane, aliyerudishwa mbele, alimpigia mashuti ya kila namna na karibu yote aliyazuia. Na kila alipozuia, upande wetu kuna mtu alikuwa anapiga makofi.

"Connie, acha. Wazazi wanatutazama. Unamshangilia mpinzani."

"Huyo ni mtoto wetu."

"Amevaa jezi yao!"

"Jezi ni kitambaa, Verna." Akaendelea kupiga makofi. Nilijibu malalamiko ya siku ile kwa mwezi mzima.

Sitawadanganya kwamba Sloane na Maribel walikuja kuwa marafiki. Kwenye mstari wa kupeana mikono waliinamishiana kichwa, basi. Lakini mechi ilipokwisha, Nohemi Funes alibeba kiti chake cha kukunja kutoka upande wa Tallow Creek, akavuka uwanja mbele ya wazazi wote waliokuwa wanapima, akakiweka kando ya kiti cha Connie. Akafungua kontena la pupusa, chapati nene za mahindi zilizojazwa jibini, akampa moja. Waliketi pale wakatazama mechi iliyofuata, ya timu ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezijua, na sikusikia wakizungumza jambo lolote zaidi ya kwamba jua ni kali.

Tangu hapo Dunmore Mill ina sheria kwamba safarini hakuna anayekwenda kula mpaka kila mmoja awe ameshuka. Imenilisha piza nyingi za baridi. Na tangu hapo Connie, kabla hajamtetea mtoto, humuuliza kwanza. Wazazi hawajui jinsi lilivyo jambo gumu kwa mwanamke yule kuuliza kwanza. Mimi najua.

Sasa anahamia Virginia, karibu na mjukuu wake Winifred, ambaye ameanza kucheza. Maana yake ni kwamba kuanzia masika yajayo Connie Brannock ataketi upande wa wazazi. Nawaonea huruma makocha wa kule, na ninawaomba wasimpe namba zao.

Kwa niaba ya wasichana wote waliopita mikononi mwako, na mama zao, na hata akina Hollenbeck, ambao wamechangia keki ya kuagana, ahsante. Uwe na afya, Connie, upate usingizi wa mchana, na magoti yako yakuhurumie. Umenichosha miaka yote hii, na wiki ijayo nikifungua ofisi, sijui nitachoshwa na nani.