Acha Kiatu, Mama

"Haionyeshwi. Nimeshasema, haionyeshwi."

"Itaonyeshwa, dada. Shuka nimeshalipiga pasi."

"Basi litandike kitandani ulale. Mama yangu haagwi kwa kuchekwa."

"Mama yako? Mimi nilizaliwa na jirani?"

Wasikilizaji wapendwa, hao ni mtu na mdogo wake. Tuliwarekodi jana mchana sebuleni kwa marehemu, tulipokwenda kuzungumza na familia. Mkubwa, kifungua mimba, ni mfamasia, na maneno yake huyatoa kama dawa, bila sukari. Mdogo, kitinda mimba, ni fundi cherehani. Wanagombania filamu moja fupi, ambayo ukianza kuitazama na kikombe cha chai mkononi, itakwisha chai haijapoa. Ndani yake mama yao anakimbilia handakini, na kiatu kinamvuka.

Huyo mama yao ndiye tunayemkumbuka leo. Alikuwa dobi wa hospitali. Mji mzima ulimwita Mama Kiatu.

Wakati wa vita, wasikilizaji wapendwa, filamu zilikuwa zikitengenezwa kuwafundisha watu kujikinga. Kujikinga na maradhi, na kujikinga na mabomu. Siku moja watengenezaji walifika kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Walitaka kuonyesha jinsi ya kuchemsha mashuka ili chawa wafe. Mpiga picha akasimama katikati ya mvuke, na kioo cha kamera kikaingia ukungu. Mama Kiatu akakifuta kwa pindo la aproni.

"Mwanangu," akamwambia, "hapa tunafua. Ukitaka kusimama, shika ncha ya shuka."

Mpiga picha akashika. Wakakamua pamoja. Mwongozaji alicheka mpaka akakaa juu ya kapu la nguo, na hapo hapo akamfuta kazi mwigizaji aliyekuja naye kutoka mjini.

Tangu hapo dobi akawa mwigizaji. Alichemsha maji ya kunywa. Alifunika mitungi mbu wasizaliane. Alizima moto wa jikoni kwa ndoo ya mchanga. Watu walimwamini kwa kuwa alifanya mambo kama yanavyofanywa nyumbani, hata kujikuna alijikuna.

Kisha ikaja filamu ya king'ora. King'ora kinalia, mama anazima jiko, anakimbia, anashuka handakini. Basi. Lakini viatu vya Mama Kiatu vilikuwa vimetoboka, na mwongozaji alitaka mama mwenye viatu vizima. Wakaazima vya mke wa mlinzi wa stoo. Vilikuwa vikubwa kwake. Na mwenyewe alitoa masharti: "Virudi kama vilivyotoka."

King'ora kikalia. Mama Kiatu akakimbia. Kiatu cha kushoto kikavuka. Na yeye, badala ya kushuka, akageuka, akakiokota, akakifuta vumbi, akakikumbatia kifuani, ndipo akashuka. Kiatu cha watu, jamani. Angemwambia nini mwenyewe?

Mwongozaji alishika kichwa. Mkanda ulikuwa umekwisha, na mwingine ungepatikana wapi vitani? Filamu ikatoka hivyo hivyo.

Watu wakajifunza, wasikilizaji wapendwa. Walijifunza vizuri mno. King'ora kilipolia tena, walikimbia wote mpaka mlangoni pa handaki, wakasimama. Kila mmoja akavua kiatu cha kushoto, akakifuta, akakikumbatia kifuani, ndipo akashuka. Mwalimu alifanya hivyo. Muuza mkaa alifanya hivyo. Bwana mmoja aliyekuja peku alimshika msimamizi wa handaki mkono akamuuliza, "Na sisi tusio na viatu, tunafuta nini?" Mlango ukaziba. Huko nyuma watu wanasukumana, huku mbele watu wanafuta vumbi.

Mama Kiatu hakungoja kuitwa. Alipanda gari la sinema pamoja na fundi mwendesha mtambo, mti wake wa kukorogea nguo mkononi. Kila filamu hiyo ilipoonyeshwa, alisimama kando ya shuka lililotundikwa kuonyeshea picha. Kiatu kilipovuka, alijinyooshea mti yeye mwenyewe pale kwenye picha.

"Wewe, unarudi wapi? Umeacha mlango wazi na watu nyuma yako, kisa kiatu? Acha kiatu!"

Ukumbi ulikuwa ukivunjika mbavu. Kutazama mtu anagombana na nafsi yake ukutani, nani angekosa? Baada ya muda watu wakawa wanamtangulia. Kabla hajafungua kinywa, ukumbi mzima unapaza sauti: "Acha kiatu, mama!" Na pale handakini hakuinama mtu tena.

Lakini mwanawe mkubwa alikua na maneno hayo shingoni.

"Nikichelewa shuleni, acha kiatu," alituambia mfamasia. "Nikikosea hesabu, acha kiatu. Mchumba wangu siku ya kwanza kuja nyumbani alivua viatu mlangoni, akaanza kucheka peke yake. Nilikaribia kumrudisha alikotoka."

"Ulimrudisha," alisema mdogo wake. "Mama ndiye aliyemfuata njiani."

"Nyamaza wewe."

Tulimuuliza wazi: basi ni aibu ndiyo inayokufanya uikatae filamu? Akatutazama kama mtu aliyeletewa karatasi ya dawa isiyosomeka.

"Aibu niliimaliza zamani. Nitawaambia sababu. Miaka yote mama alikuwa amesimama pembeni. Picha inakosea, yeye anaisahihisha. Leo hayupo. Mkiionyesha, watu watamwona anakosea tu, basi. Wajukuu watabaki na hilo. Nani atamwambia aache kiatu?"

Mdogo mtu alikuwa ameshika pini ya shuka, akasahau kuipachika.

Aliyejibu ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, akipitisha mkanda kwenye mtambo polepole. Ni yule yule fundi wa gari la sinema. Marehemu alimwita Shemeji Mtambo, ingawa hawakuwa na undugu wowote.

"Mama yako aliwahi kukueleza habari za lile ghala tulilokuwa tukionyeshea filamu?" akauliza.

"Kila mtu anazijua. King'ora kililia katikati ya filamu, watu wakakimbia, kiatu chake kikapotea."

"Hakikupotea. Kilimvuka karibu na mlango. Na yeye, pamoja na kelele zake zote, akainama kukiokota. Mazoea, mwanangu. Ghala zima likamgeukia: acha kiatu, mama. Akacheka, akakiacha, akatoka mguu mmoja peku. Bomu likaanguka, paa likaja chini nyuma yake. Mimi nilikuwa namshika mkono."

"Hayo nayajua."

"Unalolijua ni kiatu. Mgongoni alikuwa na mtoto, amefungwa kwa khanga. Akaniambia nisikuambie, usije ukakua unaogopa mapaa."

Mfamasia alitazama juu, kwenye dari. Kisha akamtazama mzee. Kisha akatoa cheko moja fupi, la mtu aliyefanyiwa mzaha kwa miaka mingi na ndio kwanza ameugundua.

"Yule mwanamke," akasema, akijifuta macho kwa kiganja. "Ndiyo maana kila nilipomlalamikia kuhusu watoto wa shule na 'acha kiatu' yao, aliniambia niwashukuru. Zima taa, Shemeji."

"Shughuli si kesho?"

"Ya kesho ni ya kesho. Zima."

Wasikilizaji wapendwa, wakati mdogo mtu anafunga mapazia, sisi tunatoa pole kwa watoto wa marehemu, kwa wajukuu, kwa madobi wenzake, na kwa Shemeji Mtambo, ambaye amempoteza rafiki aliyekaa naye kiti cha mbele cha gari la sinema vita vyote. Na wewe unayetusikiliza, fikiri kidogo. Yupo mtu aliyewahi kukupigia kelele ukaacha ulichokuwa unakiokota. Huenda ulimnunia. Kama yu hai, mtafute leo.

Sauti mnayoisikia sasa ni ya mtambo. Filamu yenyewe sauti yake ilikwishaharibika. Wajukuu wamekaa chini kwenye mkeka. Mfamasia ametoka jikoni na mwiko wa ugali, amesimama kando ya shuka, mahali pale pale pa mama yake. Kwenye picha, msichana mwembamba mwenye viatu vya kuazima anazima jiko. Anakimbia. Kiatu kinavuka. Anageuka.

"Mama, unarudi wapi?" mfamasia anauliza, mwiko juu. "Acha kiatu."

"Acha kiatu, bibi," wanasema wajukuu, wawili watatu, kwa haya.

"Hamjasema kitu. Shemeji, rudisha mwanzo."

Na mkanda ukarudishwa mwanzo.